Maharage ya Nimpaye

Jua lilikuwa limerudi baada ya siku nne za mvua, nalo Zita alilipokea akiwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, huko Keza, mwanawe mchanga Ishimwe akinyonya huku amefumba macho. Mbele yao mashina tisa ya maharage yalikuwa yamejizungusha kwenye vijiti, marefu kumpita mtu. Maua yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka, na vijiganda vya mwanzo vimeanza kuchungulia.

Mbegu ile ilikuwa ya mama yake, marehemu Nimpaye: punje nyeusi zenye jicho jeupe. Mwaka wa msiba panya waliingia kibuyuni, wakabakiza tisa tu. Zita alikuwa amezipanda zote, hapo karibu, apate kuzilinda. Zisipozaa msimu huu, basi tena.

Usingizi wa mama anayenyonyesha hauna adabu, humkuta mtu hata ameketi. Ulipomchukua Zita, alijiona amekuwa mdogo kuliko sisimizi, akaingia ndani ya jani kwa kimlango cha upande wa chini. Lo! Humo ndani mlikuwa na mwanga wa kijani na pilikapilika kama jiko la siku ya kipaimara. Jua ndilo lilikuwa kuni. Maji yalipanda kutoka mizizini yamebeba chumvichumvi za udongo. Hewa ile tunayoitoa puani tukihema iliingia kwa vimlango, ikakutana na maji, vikapikwa pamoja pasipo moshi, ikatoka sukari. Sukari ikateremka mishipani: hii ya ua, hii ya ganda, hii ya mizizi. Kule chini kabisa, kwenye vifundo vya mizizi, vijidudu visivyoonekana vilikula fungu lao, navyo vikaligeuzia shina hewa kuwa mbolea. Zita aliyasoma haya yote katika darasa la jioni, lakini ubaoni hayakuwa na harufu. Humu yalinukia kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

Mara mwanga ukakatika. Vyumba vya kijani vikaanza kuzimika kimoja kimoja. Kwanyu! Kwanyu! Kwanyu!

Akafumbua macho. Mama mkwe wake, Koleta, alikuwa amesimama kati ya vijiti, kanga yake imefura kwa majani. Mashina saba yalibaki kamba tupu.

"Shikamoo, Mama," Zita alisema.

"Marahaba. Lala, mwanangu, lala tu. Nakuchumia mboga. Mama mzazi asipokula majani ya maharage, mjukuu wangu si atanyonya upepo?"

Pale kwao maharage ya kuzaa hupandwa shambani. Yaliyo nyuma ya jiko ni ya mboga, yeyote huchuma. Tena mke kijana hakatai chakula cha mama mkwe, sembuse kilichochumwa kwa ajili ya titi lake. Zita alijua hayo yote. Mkono wa Koleta ukaelekea shina la nane.

"Mama, subiri!"

"Nisubiri yakomae yaliwe na mbuzi?"

"Hilo ganda dogo... linanyonya."

Koleta akacheka mpaka majani yakamwagika. "Ganda linanyonya! Ndiyo mnayofundishwa jioni? Na mtihani mnafaulu?"

"Ua haliwezi kujipikia, Mama. Jani ndilo linalolilisha. Ukilichuma, ganda linakufa njaa." Machozi yalikuwa yameshafika. "Na mbegu hii ni ya mama yangu. Duniani imebaki hii tu."

Kicheko kikakatika. Koleta aliyatazama mashina matupu, akatazama kanga yake.

"Siku unapanda nilikuwa hapa hapa napepeta," alisema taratibu. "Mbona hukuniambia?"

Zita akainamisha kichwa. Kweli hakusema. Aliona haya kumlilia mama yake mbele ya mama mwingine.

"Yatachipua?"

"Labda machache, yana akiba kidogo. Ila maua yatadondoka."

"Na haya mawili?"

"Yakiachwa na majani yake, yatazaa."

Jioni ile mboga ilipikwa kwa karanga, maana kuitupa kungekuwa kosa la pili. Zita alikula, akahisi jua la siku nzima likimshuka kifuani. Koleta hakuionja. Alikuwa nje, akizungushia miiba mashina yale mawili.

Tangu hapo kila asubuhi alikuja kuyajulia hali. Alimwaga samadi ya mbuzi shinani, kisha akasogea pembeni haraka.

"Nisiyakinge jua," alisema. "Acha yapike."

Maganda yalipokauka, mashina yale mawili yalitoa punje thelathini na nane. Katika yale saba, moja lilichipua likaleta ganda moja jembamba lenye punje tatu. Koleta aliziomba hizo tatu, na nyingine kumi.

"Za nini, Mama?"

"Tatu nipande mwenyewe. Kumi nampelekea dada yangu Secilia, kule Mugoma. Mbegu ikikaa nyumba moja hufa na nyumba hiyo." Akazifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno. "Atauliza jina lake. Nitamwambia ni Nimpaye."

Zita akamfuata hadi kwenye kona ya jiko. Akamwinua Ishimwe begani, amwone bibi yake akishika njia ya Mugoma, mkono mmoja juu ya fundo.