Nguo Nzuri za Elspet Flett

Kila mwaka mwezi wa tano ulipoingia Portgarrow, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya baridi, upepo wa bahari ukapunguza ukali wake kidogo, Elspet Flett alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Alizitoa sandukuni zile alizoziita nguo zake nzuri, akazianika. Gauni refu la kitani, shati refu la kiume la kitani hicho hicho, na soksi nyeupe, za kike na za kiume. Zilipigwa na upepo kutwa nzima, jioni zikakunjwa na kurudishwa chini kabisa, chini ya mablanketi, hadi mwaka mwingine. Hakuna aliyewahi kuzivaa. Binti yake, Jamesina, aliyeitwa Ina kwa kifupi, alikua akiziona, na kwa kuwa mama alisema tu kwamba alizishona alipoolewa, akajiambia hizo ni nguo za usiku wa arusi. Basi hakuuliza. Mtoto gani huuliza habari za usiku wa arusi ya mama yake?

Sasa Elspet hakuweza kugeuka kitandani, sembuse kuanika nguo.

"Ina," aliita asubuhi hiyo. "Jua limetoka?"

"Limetoka, mama."

"Basi zitoe nguo zangu nzuri zikapate upepo."

Ina alikuwa ameinama akivuta shuka iliyolowa chini ya mama yake, kazi aliyoifanya alfajiri na ambayo angeifanya tena kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, hakuolewa, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umehamia mwilini mwake kama mpangaji asiyekusudia kuondoka.

"Nitazitoa," alisema, ingawa nguo zile hazikuwamo nyumbani.

Sanduku lilikwenda makumbusho majira ya baridi yaliyopita. Mama alikuwa hospitalini, amevunjika nyonga, na daktari alisema huenda asirudi. Kisha akasema atarudi, ila na kitanda cha chuma cha magurudumu, na chumba kilikuwa kidogo. Ilikuwa sanduku ama kitanda. Watu wa makumbusho ya mjini walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya zamani, na Ina akawapa sanduku na vyote vilivyomo. Akawapa na maelezo yake: nguo za usiku wa arusi za mama yangu. Hakutaka sifa wala shukrani, alitaka nafasi ya kitanda.

Alitoka nje na kapu la nguo, akasimama mbele ya kamba akifikiri, mwishowe akaanika gauni lake mwenyewe la kulalia. Macho ya mama yalikuwa hayaoni ila vivuli. Pengine lingetosha.

Aliporudi ndani alimkuta Elspet amegeuzia uso dirishani.

"Hilo ni lako."

"Lipi, mama?"

"Hilo linalopiga kelele. Hiyo ni nailoni. Kitani hakipigi kelele. Usinifanye mjinga, Ina, mimi nimeanza kuanika nguo kabla wewe hujazaliwa."

Ina akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia yote: hospitali, kitanda, sanduku, makumbusho. Alipomaliza, Elspet aliikunja na kuikunjua pembe ya blanketi.

"Kwa hiyo umewapa sanda yangu," alisema.

"Sanda gani?"

"Wewe ulidhani ni nini?"

"Nguo za arusi."

"Za arusi." Elspet akavuta pumzi, na Ina hakujua kama ni kicheko au kikohozi. "Usiku wa arusi yangu nililala na shimizi na sweta juu yake, na baba yako na soksi zake za baharini. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwanangu, baridi ya kukata. Mke mpya alishona sanda mbili, yake na ya mumewe, kabla ya mwaka kwisha. Mama yangu alishona, bibi yangu alishona. Ukifa usiwatie watu taabu ya kukutafutia cha kuvaa."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Haya, nenda ukanichukulie. Sanduku moja umekwisha kuligawa, nadhani hilo jingine la kunizikia hutalisahau. Lakini sitaki kuwekwa humo na nailoni."

Nesi aliyekuja kumtazama mama alikuwa amemwambia Ina mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba sasa asihesabu wiki, ahesabu siku.

Bunty Cowie wa nyumba ya pili akaja kukaa na mgonjwa. "Nenda, shoga yangu, mimi nipo," alisema. "Ila ukikawia, mume wangu atajipikia, na unajua alivyoiunguza sufuria yangu mara ya mwisho."

Makumbusho yalikuwa katika shule ya zamani, na harufu ya chaki bado ilikuwamo. Kulikuwa na susu la mtoto, mtungi wa kusukia siagi, taa ya mafuta ya samaki, vijiko vya pembe vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Na ndani ya kabati la kioo lilikuwamo sanduku la mama, wazi, na gauni limevishwa sanamu isiyo na kichwa, mikono imeinuliwa kidogo mbele. Kikaratasi kilisema: *Vazi la usiku wa arusi. Limetolewa na Bi J. Flett.*

Mbele ya kioo alisimama mwanamke mgeni na mumewe.

"Tazama lilivyofungwa hadi kooni," mwanamke alisema. "Bwana arusi wa watu, kukicha angekuwa bado anahangaika na vifungo."

"Ndiyo maana walikuwa wanalala mapema," mumewe akajibu.

Siku nyingine Ina angecheka pia, maana utani wenyewe ulikuwa mzuri. Leo alitamani kuifunika sanamu ile kwa koti lake.

Morven Laing, mtunza makumbusho, alitoka ofisini na penseli imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa msichana wa watu, mwenye mtoto mchanga nyumbani na macho mekundu ya kukesha.

"Bi Flett, karibu. Gauni lenu ndilo linalopendwa kuliko vitu vyote humu."

"Ni sanda," Ina akasema.

"Samahani?"

"Ni sanda ya mama. Niliyekosea kuwaambia ni mimi. Anakufa, na anaitaka."

Morven aliketi kwenye benchi la watoto lililokuwa pale ukutani, magoti yakamfika kifuani. Hakucheka, wala hakukimbilia kutaja kanuni, na Ina alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Baadaye alizitaja, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine.

"Kitu kikishaingia kwenye kioo si changu tena, wala si chako. Ni cha kamati. Na kamati inakaa mwisho wa mwezi ujao."

"Hatafika huko."

"Najua, mama. Ningekuwa peke yangu ningekufungia sasa hivi uende nalo. Lakini nikilitoa leo, kesho sina kazi, na nyumbani ninayepata mshahara ni mimi tu."

Ina alitafuta hasira asiione. Hasira nayo inataka nguvu. Alisimama tu akiyatazama yale mabega ya kitani, yaliyoshonwa kwa mishono midogo kama mbegu za haradali.

"Na lile shati?" aliuliza mwishowe.

"Shati liko nyuma, kwenye droo. Nondo wamelila mgongoni, nikawa nasitasita, sijaliandika bado." Morven akautazama mlango, kisha akamtazama Ina. "Na ambacho sijakiandika, sijakiona."

Alilileta limezungushiwa gazeti, ndani ya mfuko wa dukani. "Hilo jingine nawaandikia kamati leo hii," alisema. "Nakuahidi."

Ndani ya basi Ina aliupakata mfuko, akajiona kama mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sukari. Alichungulia ndani. Kifuani palikuwa na herufi mbili za uzi mwekundu, J.F. Baba yake, James Flett, alizama mwezi wa pili, yeye na wenzake wote wa mashua, wakifuata samaki wa heringi. Ina alizaliwa kiangazi cha mwaka huo, akapewa jina la baba yake likaongezwa mkia wa kike. Sura ya baba aliijua kwa picha moja tu, amekaa. Urefu wake aliujua kwa shati hili, likining'inia kwenye kamba mwezi wa tano.

Elspet alilipapasa shati kwa vidole, akazifikia zile herufi.

"Hili la James."

"Ndilo walilonipa. Lako halitoki mpaka kamati ikae." Ina alilinyoosha shati juu ya blanketi. "Mama, huwezi kuvaa hili? Ni kitani kile kile, na mshono ni wako."

"Nikilivaa mimi, yeye atavaa nini?"

Ina alidhani akili ya mama imeanza kupotea. "Mama," alisema polepole, "baba hakupatikana."

"Najua hakupatikana. Aliyesimama pale ufukweni ni wewe au mimi?" Sauti ya Elspet haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka tu. "Alec Coull, mwenzake wa mashua, bahari ilimtoa wiki ya tatu. Geordie walimwokota majira ya kuchipua, huko Norwe, wakamjua kwa sweta aliyofumiwa nyumbani. Mwaka ule nilianika kwa sababu na James angeweza kutoka. Mwaka wa pili nikaanika. Wa tatu pia. Wewe mwenye akili niambie, Ina, mwaka gani ndio ningeacha?"

Miaka yote hii Ina alikuwa amemchoka mama yake, na aibu ya kumchoka ikawa inamchosha zaidi. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba mama naye amechoka, tena kwa kazi aliyoianza kabla Ina hajaja duniani, na ambayo hakuna aliyempokea. Alitaka kumwomba radhi asijue aanzie wapi. Akamshika mkono, mama akauacha ushikwe.

"Lianike," Elspet akasema. "Nondo hawapendi upepo."

Ina alienda akaiondoa nailoni yake na kulibana shati kwenye kamba peke yake. Upepo uliliingia taratibu, ukalijaza kifua, ukainua mikono. Halikupiga kelele. Elspet alilitazama kutwa. Hakutaka supu ya shayiri, hakutaka kugeuzwa, na Ina alipotaka kufunga pazia kwa sababu ya jua alikatazwa. Alikaa kando ya kitanda akatazama pia. Mara nyingine shati liligeuka likaelekea nyumba, na yeye, mtu mzima na mvi zake, akajikuta ameshikilia pumzi.

Jua lilipoanza kulala, Elspet alizungumza.

"Liingize, Ina."

"Bado kuna upepo kidogo, mama."

"Liingize. Amechelewa mno huyu. Nitalivaa mimi, nimpelekee."

Alikufa siku ya Jumamosi, asubuhi, wakati Ina anamchana nywele. Bunty alikuja wakamwosha pamoja, wakamvisha. Mikono ya shati ilipita vidole vya marehemu ikazidi, na Bunty akaanza kuikunja.

"Acha," Ina alimwambia. "Mikono hiyo si yake."

Bunty akaiacha. Wakamzika Jumatano, mchungaji akasoma, watu wakanywa chai na kula mikate ya nyama, wakasema Elspet amepumzika. Wakamwambia Ina kwamba sasa naye apumzike, kana kwamba ni kitu cha kunyoosha mkono ukachukua. Usiku aliendelea kushtuka kila mara akidhani ameitwa.

Kamati ilikaa, ikakubali. Morven alikuja mwenyewe kwa basi, mtoto mgongoni na boksi mkononi. Alipoona kitanda cha chuma hakipo chumbani alisimama pale pale.

"Sikujua," alisema. "Ningejua nisingekuja hivi. Bi Flett, naweza kulirudisha kabatini. Nitabadilisha kikaratasi, niandike ukweli."

Ina alifungua boksi. Alilitoa gauni, akaliinua, akaliegemeza mwilini mwake mbele ya kioo cha ukutani. Lilimfika vifundoni, kama lilivyomfika mama. Hakuwa na mume wa kumshonea. Hakuwa na binti wa kumtuma makumbusho.

"Sanduku bakini nalo," alisema. "Hili liache. Ni kipimo changu."

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, siku ya jua, Jamesina Flett alilitoa gauni chini ya mablanketi akalibana kwenye kamba. Bunty alimpungia mkono ng'ambo ya ukuta, asiseme kitu, na Bunty si mtu wa kukosa la kusema. Ina akaingia ndani, akavua viatu, akajilaza kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha. Alitega sikio kama alivyozoea. Huko nje upepo ulikuwa ukilijaza gauni na kulitua, lakini kitani hakipigi kelele, na Ina akalala mpaka jioni.