Ukuta wa Upande wa Kushoto

Mama wa getini alisema pikapu haiingii chini ya paa la maegesho, kochi limezidi. Kochi lenyewe lilikuwa juu ya friji, miguu juu, limekazwa kwa kamba ya nailoni, na lilikuwa limefika hivyohivyo kutoka Philadelphia.

"Shusha kochi, au kapaki kule mwisho," alisema huku anatafuna bigijii.

"Kule mwisho wapi?" Dorsey aliuliza.

"Kwenye nguzo ya M."

Odessa, mama yake Dorsey, aliinamia dirisha la upande wake akaangalia ile nguzo. "Pale palikuwa kwa kina Tolliver," alisema. "Walikuwa na mbwa mwenye jicho moja."

"Sasa ni M," alisema mama wa getini, na hakusema kwa ubaya.

Wakapaki M. Dorsey alifunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikalia. Safari nzima alikuwa anafunga milango hivyo. Alikuwa anampeleka mama yake Sacramento, kukaa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Renita, dada yake Dorsey, kwa sababu mtaa wao wa Philadelphia umeuzwa na pale kwenye jiko la Odessa panajengwa ghorofa la watu wenye mbwa wadogo. Ndani ya gari Odessa hakuongea sana. Walipoingia Ohio tu ndipo alipofungua mdomo: "Pita Carrow. Namchukua mama."

Dorsey hakuuliza mama gani. Nchi nzima inaijua ile nyumba. Ukiwasha televisheni msimu wa besiboli unaiona, upande wa kushoto wa uwanja wa Carrow, nyumba ya mbao ya rangi ya njano, ina baraza na ngazi tatu, imekaa katikati ya majani, na ndani yake yumo bibi yake, Bi Luvenia, aliyekufa kabla Dorsey hajazaliwa. Yeye aliiona nyumba hiyo utoto wake wote kwa vipande vipande, maana kila ilipotokea Odessa alizima televisheni.

Habari yake ni fupi. Uwanja ulipotakiwa kujengwa, jiji liliuchagua Mtaa wa Teasdale, ambako walikaa Weusi watupu, likawaambia watu watoke. Watu wakatoka. Bi Luvenia alisema maharage yake hayajaiva. Wakambeba na kiti chake wakamweka barabarani, na Odessa, mtoto wa miaka tisa, akabeba sufuria. Baridi ya mwaka huohuo Bi Luvenia alifia kwa dada yake, kwenye kochi la watu. Nyumba ilibomolewa. Asubuhi ikakutwa imesimama, na mapazia yamepigwa pasi. Ikabomolewa tena, na tena. Siku ya kufungua uwanja ilikuwa imekaribia na tiketi zilishauzwa, kwa hiyo wenye uwanja wakapanda majani kuizunguka nyumba, wakatunga sheria. Besiboli inaruhusu. Kila uwanja una sheria zake ndogo, kwa ajili ya mti uliopitiliza, au bomba, au ukuta uliokaa vibaya. Sheria ya Carrow husomwa kwenye spika kabla ya kila mechi, na siku hiyo ya Jumapili ilisomwa vilevile: mpira ukigonga nyumba, ngazi, kamba ya nguo au mwanamke, mpigaji anapewa besi mbili, yaani anasogea vituo viwili vya bure kuelekea pointi.

Watu wakashangilia, maana sheria ikishasomwa ndiyo mechi imeanza.

Siti zao zilikuwa chini kabisa, karibu na uzio, upande wa kushoto. Jua lilikuwa kali. Bi Luvenia alitoka na beseni akaanza kuanika mashuka, na yule mchezaji wa upande ule, kijana mrefu mwenye glavu, alisogea pembeni kumpisha kama unavyompisha mtu kwenye korido.

Odessa aliweka mkoba wake mapajani akaushika kwa mikono miwili.

Mpira wa kwanza uligonga kamba ya nguo. Besi mbili. Wa pili ulimpiga Bi Luvenia begani, akiwa ameshika kibanio cha nguo mdomoni. Alitikisika, akakiweka kibanio kwenye shuka, akaendelea. Besi mbili. Watu wakasimama wakapiga makofi, na mzee mmoja mweupe aliyekaa pembeni yao, Gundersen, amevaa kofia ya timu iliyopauka, akamgongea Dorsey goti.

"Umeona? Hakosi. Mwaka huu ametusaidia kuliko yule tuliyemnunua toka Texas."

"Amepigwa bega," Dorsey alisema.

"Haumii, kijana. Ni kama ukuta."

"Ni mama yangu," Odessa alisema.

Gundersen alivua kofia. "Wee! Basi hongera sana, mama. Familia yenu imetupa raha kweli. Mnakula karanga?"

Alisema kwa moyo safi kabisa, na hapo ndipo Dorsey alipotamani kumwagia bia. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Huyu alikuwa anawasogezea karanga.

Odessa alikwenda kwa mlinzi wa kigeti cha uzio. Aliongea naye vizuri, kwa sauti yake ya kanisani. Alisema anataka kuingia kumchukua mama yake, hatakaa, gari liko nje. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kwenye majani haingii mtu. Ndugu wa wachezaji wana siti zao kule, kwenye kivuli."

"Yeye si mchezaji."

"Basi hata siti hizo hupati."

Odessa akarudi akakaa. Dorsey aliangalia mikono ya mama yake, jinsi ilivyoubana ule mkoba, akasema moyoni leo patachimbika.

Raundi ya saba ina desturi yake. Kabla ya kuendelea kila mtu anasimama, ananyoosha mgongo, na uwanja mzima unaimba wimbo mmoja, wazee kwa watoto, wamekumbatiana mabega, wanayumba. Walinzi nao wanaimba. Gundersen alikuwa amefumba macho. Dorsey akaruka uzio, akatembea kwenye majani mikono mfukoni, na wimbo ulipoisha alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Futa miguu," alisema Bi Luvenia.

Dorsey akafuta miguu. Baraza lilinukia maharage na mfupa wa nguruwe. Kwa karibu bibi yake alikuwa mdogo kuliko wa kwenye televisheni, na upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa na alama za mviringo, moja juu ya nyingine, na nyuzi za mshono wa mpira zimejichora humo.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Odessa."

"Kweli. Kichwa hicho ni cha baba yangu, pole." Alimwangalia viatu. "Odessa yuko wapi?"

"Pale, mwenye mkoba. Bibi, chukua koti, twende. Gari liko kwa kina Tolliver."

"Tunakwenda wapi?"

"Sacramento. Kwa Renita. Kuna chumba cha chini."

"Odessa ana nyumba yake Philadelphia. Aliniambia mwenyewe, alikuja kuniambia kaburini."

"Wameichukua."

Bi Luvenia aliacha kukunja shuka. "Nani?"

"Walewale."

"Walewale wa hapa?"

"Wengine, Bibi. Lakini walewale."

Huku nyuma mechi ilikuwa imeendelea. Mlio wa gongo la mpigaji ulisikika, yule mchezaji mrefu akapiga kelele, na Dorsey alipogeuka mpira ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenye uso wa bibi yake. Bi Luvenia hakukwepa. Alishazoea kutokwepa. Dorsey akanyoosha mkono mtupu akaudaka.

Uwanja mzima ukazomea. Walizomea kwa pumzi zote. "Mtoeni huyo fala!" "Oya, nani kakuita?" "Umetukosesha besi mbili, mpumbavu wewe!" Makocha wa timu zote mbili walitoka mbio. Mmoja alisema mpira umedakwa kabla haujagonga kitu, mpigaji ametoka. Mwingine alisema ulikuwa unaelekea kumgonga mwanamke, na mwanamke ni besi mbili. Walisimama uso kwa uso wakirushiana mate na matusi, kama inavyotakiwa, mpaka refa akafika. Alikuwa mnene, taratibu, anatafuna mbegu za alizeti.

"Mtazamaji ameingilia mpira," refa alisema. "Mpigaji ametoka. Na wewe, bwana mdogo, utatoka pia."

"Natoka na bibi yangu," Dorsey alisema. Mkono ulikuwa unaanza kuvimba. "Huyu ni mtu. Mnampiga mtu mipira usoni miaka yote hii, halafu mnakula soseji."

Refa alitema maganda pembeni, mbali na ngazi, kwa heshima. "Sikiliza. Mimi sina ubaya naye. Lakini akiwa mtu, yuko ndani ya uwanja wakati wa mchezo na hana jezi. Mtu wa hivyo tunamtoa, na nyumba isiyo na mtu hapa haikai hata wiki, kuna kampuni inataka kuweka baa ya bia. Akiwa ukuta, ukuta ni sehemu ya uwanja, unakaa. Ndiyo sheria. Muulize mwenyewe."

"Mimi ukuta," alisema Bi Luvenia.

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nimekuwa ukuta tangu huyu baba hajaota ndevu. Wewe unataka nisemeje, ili nibaki kwangu?"

Dorsey alikuwa na mpira tu mkononi, na alikuwa ameukamata kama jiwe.

Wakati huo Odessa alikuwa anakuja. Alipita kigetini, na yule mlinzi alimwachia njia bila kujua kwa nini, maana Odessa alitembea kama mtu anayerudi kwake toka sokoni. Alipanda ngazi, akafuta miguu.

"Umechelewa kula," alisema mama yake.

"Njia ilikuwa ndefu."

Walishikana mikono. Sasa ungemwona Odessa ndiye mkubwa, nywele nyeupe, magoti mabovu. Aligusa zile alama kwenye uso wa mama yake, alama baada ya alama. "Chukua koti, mama," alisema.

"Sitoki, Odessa. Nilitolewa mara moja."

Odessa aligeuka akaangalia siti zote zile, watu wamejaa mpaka juu, wanasubiri na bia zao. Akaangalia kule kwa kina Tolliver. Halafu akakaa kwenye ngazi ya juu, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga pembeni ya mlango.

"Mama, simama," Dorsey alisema. "Renita ameshapaka rangi chumba."

"Mwambie alale humo yeye."

"Mama."

"Nimehamishwa mara mbili, Dorsey. Ya tatu watanikuta sina miguu."

Refa alikuna kidevu. "Na wewe, mama? Wewe ni nani?"

"Ukuta," Odessa alisema.

Marefa wanne wakakutana, wakaweka vichwa pamoja, wakatingisha vichwa, wakakubaliana. Haikuchukua muda. Spika ikatangaza: kuanzia sasa mpira ukigonga nyumba, ngazi, kamba ya nguo au wanawake, mpigaji anapewa besi mbili. Watu wakashangilia. Gundersen alikuwa amesimama juu ya siti anapunga kofia.

"Na mimi ukuta," Dorsey alisema.

Refa alimwangalia mkono, kwa huruma kidogo. "Wewe umedaka. Ukuta haudaki."

Walinzi wanne wakambeba, mikono na miguu. Alipiga mateke, alitukana, akamtaja mama wa kila mmoja wao. Hakuna aliyekasirika. Mmoja alimsihi ainamishe kichwa wasimgonge kwenye mlango. Juu ya mabega yao alimwona mama yake ameshapewa sahani, anakula, na bibi yake amesimama mbele yake kidogo, upande mpira unakotokea.

Wakamwacha M. Walimnyang'anya mpira.

Alikaa ndani ya pikapu na kochi juu ya kichwa. Simu ikaita, Renita, anataka kujua wamefika wapi.

"Mama haji," Dorsey alisema.

"Haji kivipi? Yuko wapi?"

"Upande wa kushoto."

Nyuma ya Renita kulikuwa na televisheni, na Dorsey alisikia mtangazaji wake. "Namwona," Renita alisema polepole. "Mbona hana viatu?"

Kwa mbali, juu ya ukingo wa uwanja, gongo lililia, na umati wote ukavuta pumzi. Kisha ukaja ule mlio mdogo, butu, ambao sasa alijua ni wa nini. Kwenye simu Renita alisema "Mungu wangu," na nyuma yake mtangazaji akasema kwa furaha kwamba huyu mpya naye yuko vizuri, hakukwepa.

Besi mbili. Makofi yalikuwa mengi, yalichukua muda, na mama wa getini, aliyekuwa anapita kati ya magari, alisimama akapiga na yeye.