Chatu Aliyejenga Dispensari

Mambo yaliharibika siku ya Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu mwaka wa 1998, saa nane kasoro robo mchana, mbele ya dispensari mpya ya Kanyuoro, kando ya barabara ya kutoka Rangwe kwenda Homa Bay. Watu walikuwa wameitwa saa nne asubuhi. D.O., mkuu wa serikali wa tarafa, alifika saa saba na nusu, akapewa kiti chenye kitambaa, akapewa soda, akaomba baridi, akaambiwa hakuna.

Cephas Osewe, fundi wa baiskeli, alikuwa amevaa koti lake la harusi. Alikuja badala ya mke wake Marcella, kwa sababu kila Jumamosi Marcella alikuwa chatu kutoka kiunoni kwenda chini, na siku hiyo hakuwa anatoka nyumbani.

Hiyo haikuwa siri. Nusu ya kijiji ni Wasabato, Jumamosi hawapiki wala hawalimi, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa mwanamke kuwa na Jumamosi yake. Isitoshe, kwa Waluo chatu si nyoka. Nyoka ukimkuta unatafuta panga. Chatu akiingia bomani ni mgeni, anawekewa kuku, na mwaka huo mahindi yanajaa ghala. Kila mmoja ana jina lake katika Kidholuo, na hata mtoto mdogo hawachanganyi.

Cephas alimpata Marcella mwaka wa 1990, akitoka Suna kununua spoki. Marcella alikuwa kwenye chemchemi, anafua leso. Cephas akamwambia atamwoa, na Marcella akakubali kwa sharti moja.

"Uniite chatu, uniite mgeni, hata uniite mvivu," alisema. "Lakini siku mdomo wako utaniita nyoka mbele ya watu, sitaweza kukaa."

Cephas aliona ni sharti rahisi. Wengine huombwa ng'ombe kumi na wawili.

Walikaa miaka minane, wakazaa Lynnet na baadaye Levi. Marcella alipenda kujenga. Alijenga tangi la maji nyuma ya nyumba, na Jumamosi alikuwa analala humo. Mvua za Elnino zilipoangusha dispensari ya zamani, ile ya udongo, watu waliandika barua tatu kwa wakubwa. Jibu halikuja. Basi Marcella akaanza Jumatatu, akibeba mawe kwa leso, na Ijumaa jioni akapigilia bati la mwisho. Mawe yalikuwa bado na konokono wa ziwani. Hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza ni D.O., siku ya kufungua. Kwenye karatasi aliyoshika, jengo lilikuwa limejengwa na kontrakta, shemeji yake chifu. Lakini wamama walioitwa kuimba walikuwa wameimba jina la Marcella, na D.O. alikuwa na masikio.

"Huyu Marcella ni nani? Asimame."

Cephas akasimama. "Ni mke wangu, bwana D.O. Ndiye alijenga. Lakini Jumamosi hana thuolo."

Thuolo ni nafasi. Alitaka kusema mkewe hana nafasi, na neno la Kiswahili likamkimbia. D.O. akamgeukia Matiko, karani wa chifu, amtafsirie. Matiko ni Mkuria wa upande wa Migori, na Kidholuo chake alikiokota sokoni. Alijua hesabu, alijua nafaka, alijua wanyama. Thuol alijua ni nyoka.

"Anasema Jumamosi mke wake hana nyoka," Matiko alisema.

"Na siku zingine anaye?" D.O. aliuliza.

Watu wakacheka. Hapo jambo lingeisha. Lakini chifu ni Mluo, tofauti ya maneno hayo aliinyonya kwa mama yake, na shemeji yake alikuwa amekaa mstari wa mbele na kalamu mfukoni. Akasimama, akanyoosha kofia.

"Cephas, omera, ndugu yangu, usimchanganye mgeni. Mwambie ukweli. Mke wako leo ni nini?"

"Ni chatu, chifu."

"Sasa, katika Kiswahili, lugha ya serikali. Chatu ni nyoka ama si nyoka?"

Cephas akakumbuka shule. Alisoma mpaka darasa la tatu. Kitabu cha darasa la tatu kilikuwa na picha ya chatu, na chini yake mtu alikuwa ameandika: chatu ni nyoka mkubwa.

"Kudanganya serikali ni jela," chifu alisema taratibu. "Mimi sijakulazimisha. Jibu tu."

"Ni nyoka," Cephas alisema.

"Matiko, andika."

Matiko akaandika. D.O. akasema nyoka hana kipande cha utambulisho, na asiye na kipande hawezi kuwa amejenga jengo la serikali. Shemeji yake chifu akatoa kalamu, akatia sahihi. Utepe ukakatwa. Ndani mlikuwa na kabati, kalenda, na boksi moja la bandeji.

Cephas aliendesha baiskeli mpaka nyumbani. Marcella alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tangi, nywele amechana, nguo zake amezikunja na kuziweka juu ya jiwe. Kutoka pale mpaka dispensari ni kilomita tatu.

"Nimesikia," alisema.

"Waliniuliza kwa Kiswahili, mama Lynnet."

"Najua. Na wewe ukajibu kwa Kiswahili."

"Naweza kurudi niseme nilikosea."

"Imeshaandikwa." Alitazama mikono yake. Ilikuwa imeanza kushikana na mbavu. "Niletee Levi nimshike, haraka."

Akamletea. Levi alikuwa na miezi minane. Marcella alimshika kwa muda wa kutosha kumfunga vifungo vya shati, kisha mikono ikaisha, na Cephas akampokea mtoto.

"Bado ananyonya," Marcella alisema. "Jioni jua likishuka umlaze kwenye mkeka karibu na tangi, na wewe utoke. Usiniangalie tena, baba Lynnet. Si kwa hasira. Naona aibu."

Halafu akapanda hewani, mrefu kuliko nyumba, akaelekea upande wa Rangwe. Sokoni Rangwe Edith, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alifunika omena zake na gunia kwa sababu maji yalikuwa yanadondoka. "Mke wa fundi amepita," alimwambia mnunuzi wake, wakaendelea na bei.

Jumatatu Matiko alimuuliza chifu aandike mke wa Cephas ametoroka ama amekufa. Chifu akasema nyoka hatoroki, nyoka huuawa, andika amekufa. Kwa hivyo katika faili Cephas ni mjane mpaka leo.

Kila jioni alimlaza Levi kwenye mkeka, akatoka, akasimama nje ya ua na mgongo wake umeelekea nyumba. Chatu hana matiti, lakini Levi alinenepa.

Mwezi wa nne kilio kilianza. Saa tisa mchana Marcella alijizungusha juu ya paa la dispensari mara moja, kichwa akakielekeza kwa boma la mzee Mirumbe, akalia. Kesho yake saa tisa mzee Mirumbe akafa kwa malaria. Wiki iliyofuata kichwa kilielekea kwa Bosibori, aliyekuwa na mimba kubwa. Kesho yake saa tisa Bosibori akafa mlangoni pa dispensari. Kufuli lilikuwa limefungwa, nesi alikuwa anakuja Jumanne na Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumatano.

Ilipofika mara ya sita watu walikuwa wamezoea. Marcella akilia, Bonface seremala anakwenda kuchukua vipimo vya jeneza kwa heshima, akijifanya amekuja kusalimia. Wamama wanaloweka maharagwe. Chifu alifurahi, akasema sasa kazi ina mpango, na akamwagiza Matiko awe anaandika kibali cha mazishi siku ileile ya kilio, watu wasisumbuke kesho.

Tarehe saba mwezi wa saba, Jumanne, Marcella alijizungusha juu ya paa na hakulia upesi. Nesi wa Jumanne alikuwa kwenye semina. Halafu kichwa kikageuka polepole kuelekea boma la Cephas, naye akalia.

Levi alikuwa na homa tangu Jumapili. Cephas alimfunga mgongoni kwa leso, akapanda baiskeli. Alipiga kufuli la dispensari kwa jiwe mpaka likafunguka. Kabati lilikuwa na kalenda na boksi la bandeji, lile lile, halijafunguliwa. Akaenda kwa barabara ya Homa Bay, kuliko na hospitali, mpaka mtoni. Daraja lilibebwa na Elnino mwezi wa kumi na mbili, na maji yalikuwa yanamfika kifuani. Landrova inavuka pale. Baiskeli haivuki.

Akarudi kwa chifu. Landrova ya serikali ilikuwa uani, inapakiwa viti.

"Kesho kuna harambee ya mkubwa," chifu alisema. "Viti vikichelewa ni mimi nitaulizwa."

"Mtoto akifa utaulizwa na nani?"

"Cephas, pole sana. Nenda ukae na familia. Matiko ana karatasi yako."

Karatasi ilikuwa tayari, jina la Levi limeandikwa vizuri. Cephas hakuichukua. Jioni alimlaza mtoto kwenye mkeka karibu na tangi. Safari hii hakutoka, na Marcella hakumfukuza. Wakakaa wote watatu, na Lynnet akawa wa nne. Jumatano, saa tisa, Levi akafa.

Cephas alichimba yeye mwenyewe. Kisha akanunua karatasi na bahasha, akakaa siku mbili kwenye kibanda chake cha baiskeli akiandika barua kwa wakubwa, herufi kubwa kama za darasa la tatu. Alipeleka nakala kwa chifu, kwa D.O., na kwa afisi ya juu yao. Zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Tangu hapo Marcella amelia mara kumi na moja. Barua haikuwa ndefu:

"Mimi ni Cephas Osewe wa Kanyuoro. Mke wangu anatuambia siku moja mbele. Kutoka hapa mpaka Homa Bay kwa Landrova ni dakika arobaini. Hiyo siku moja, nyinyi huwa mnaifanyia nini?"