Kamba ya Domitila

Domitila alipenda kutega vitendawili, na mwaka ule alikuwa na kimoja tu mdomoni: "Nikimwita haji, nikimsahau ananikalia machoni." Mtaa mzima wa mlimani pale Karakasi ulijua jibu, maana ulijua kisa chake na usingizi.

Tangu mumewe afariki, Domitila alikuwa halali bila kidonge. Na kidonge kilimlaza, hilo halina ubishi, ila kilimlaza kama gunia la mahindi. Desemba iliyopita, usiku wa kuamkia misa za alfajiri za kungojea Noeli, alijifunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, ncha nyingine akaitoa dirishani, kama wazee wa zamani walivyofanya, ili vijana wakipita waivute aamke. Vijana wakavuta. Wakavuta tena. Mguu ukatoka nje ya shuka, ukaning'inia, mwenyewe anakoroma. Ikawa hivyo hadi Noeli. Nyimbo zikaimbwa bila furuko yake, ile ngoma yenye fimbo katikati ya ngozi, ukiisugua inanguruma kama fahali.

"Mwaka huu wanataka kumpa nafasi yangu Nikanori," alimwambia Eudosia, mama ubatizo wa mwanawe, ndiyo maana wakiitana komadre. "Yule anayesugua kama anakwangua sufuria iliyoungua."

"Basi amka, komadre."

"Nitaamkaje na kidonge? Na nisipomeza, nitalalaje?"

Eudosia akakitazama kikombe mkononi mwake. "Hiyo kahawa ya ngapi tangu mchana?"

"Hii? Hii si kahawa, haya ni mazungumzo."

"Na pale kitini, tamthilia ikianza, nani hukoroma mpaka jua linazama? Usingizi unaula mchana, komadre. Usiku unakuta sahani tupu."

Wakaenda kwa daktari wa zahanati. Akamwonya asiache vidonge ghafla, akampangia kupunguza kidogo kidogo. Mengine akayashika Eudosia. Kahawa ikawa ya asubuhi tu, televisheni ikatolewa chumbani, na kila alasiri, wakati ule wa kusinzia kitini, alimburuta wakapanda ngazi za mtaa mpaka juu msalabani, furuko mgongoni.

Mwanzoni Domitila alikuwa mbogo. Kuna usiku alikesha akisikiliza mbwa, asubuhi akanuna.

"Komadre, umeniua."

"Maiti hawapandi ngazi. Vaa viatu."

Alale asilale, aliamka saa ileile. Jioni alikunywa chai ya kamomili, akazima taa mapema. Taratibu miguu ikaanza kuchoka ule uchovu mtamu, wa mtu aliyefanya kazi akala akashiba. Kidonge kikawa nusu, nusu ikawa robo, na Novemba daktari akasema sasa basi.

Hata hivyo, usiku wa kuamkia misa ya kwanza alikuwa na hofu. Nikanori alishaambiwa akae tayari: kamba isipojibu, nafasi ni yake. Domitila akafunga kamba kidoleni, akajilaza, akaanza kutunga kitendawili kipya. Hakukimaliza.

Alfajiri vijana wakafika na magitaa yao madogo na kelele zao. Nikanori mwenyewe akashika kamba, akavuta. Ikagoma.

"Nilijua," akasema. "Bibi amekufa tena."

Akaivuta kwa nguvu zote. Dirishani likaruka buti zito lililofungwa kwenye ncha ya kamba, likamgonga kifuani, akakaa chini pu.

"Mrudishie marehemu mume wangu buti lake," sauti ikasema nyuma yao. "Naye alikuwa mzito wa kuamka kama wewe."

Wakageuka. Domitila alikuwa amekaa kwenye ngazi, kitambaa chekundu kichwani, furuko magotini, anatafuna arepa, mkate wa mahindi, ingali ya moto.

"Bibi, umeamka saa ngapi?"

"Waulize majogoo, nimewaamsha mimi."

Vijana wakacheka mpaka gitaa moja likaanguka. Nikanori naye akacheka, akamfungulia njia. Domitila akalowesha kiganja, akashika fimbo, akaisugua mara moja. Mbwa wote wakaitikia, madirisha yakawaka taa mpaka chini bondeni, na aliyekuwa bado amelala akaamka bila kuvutwa kidole.