Mlango wa Nyuma, Kulia

Kesho yake ingetimia arobaini ya msiba, na Majid alitaka kujua kabla ya hapo. Ndiyo maana aliondoka Mtama alfajiri, akaliendesha pikapu lake kuukuu la kabini mbili hadi Mingoyo, akaliegesha mbele ya kibanda cha Stefania, fundi umeme wa magari.

"Linaumwa nini, kaka?" Stefania aliuliza, huku akifunga kitambaa kichwani.

"Mlango wa nyuma, kulia. Loki yake. Nikibonyeza swichi, siku nyingine unafunguka, siku nyingine unagoma. Nataka unitafutie sababu."

"Nikutengenezee."

"Sababu kwanza, fundi. Kutengeneza baadaye."

Erasmo, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, aliinua miwani yake nyeusi. "Sababu ni uzee, bwana! Hilo gari lilikuwa barabarani fundi wako hajazaliwa. Hata goti langu siku nyingine linakunjuka, siku nyingine linagoma. Nimelipeleka kwa fundi?"

Majid hakucheka. Erasmo alimtazama usoni, akashusha miwani, akarudi kwenye kazi yake.

Stefania alianza kufungua skrubu za bamba la ndani la mlango moja moja. Majid akachuchumaa kando yake, na bila kuulizwa, akamsimulia.

Leo ilikuwa siku ya thelathini na tisa tangu mkasa ule. Siku hiyo, aliyelazwa kwenye kiti cha nyuma alikuwa Sauda, mdogo wake wa tumbo moja, uchungu umemshika kabla ya siku zake na damu inatoka. Majid alifunga milango yote kwa swichi, kwa sababu ule wa kulia ulikuwa na tabia ya kuachia kwenye mashimo. Wa kushoto uligongwa miaka mingi nyuma, ukakazwa kwa waya, haufunguki kabisa. Walipofika hospitali, Lindi, alibonyeza kufungua. Milango ya mbele ikalia tak. Wa nyuma kimya. Akabonyeza tena. Akaupiga kofi chini ya kioo, akauvuta hadi ukucha ukang'oka. Kipini cha kunyanyulia loki kwa ndani kilikuwa kimekatika siku nyingi, na kumpitisha juu ya viti vya mbele katika hali ile haikuwezekana. Dakika saba zilipita. Mlinzi wa getini alipokuja kuutikisa kwa bega, huku Majid akibonyeza tena, mlango ukalia tak, ukafunguka taratibu kama vile haujawahi kumkosea mtu.

Mtoto alitoka bila pumzi. Daktari alisema huenda hata bila zile dakika mambo yasingekuwa tofauti. Alisema huenda.

"Msibani watu walinong'ona," Majid alisema. "Kwamba nilichanganyikiwa, nikawa nafunga badala ya kufungua. Na mimi, fundi, siwezi kuapa kwamba sivyo. Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Na dada yako anasemaje?"

"Hasemi. Nikimpelekea kitu, ananiambia, 'Weka hapo.' Zamani alikuwa hamalizi sentensi bila kuniita kaka."

Stefania alikagua fyuzi, ikawa nzima. Akashika taa yake ndogo ya kupimia, akaichomeka kwenye nyaya za swichi ya dereva. Majid alipobonyeza, taa iliwaka kila mara. Akaunganisha mota ya loki moja kwa moja na betri, nayo ikaruka tak, tak, bila kusita.

"Swichi inatuma," alisema. "Mota inapokea. Kitu kinapotelea njiani."

Alifungua mlango nusu, akamwambia Majid abonyeze. Loki ikafanya kazi. Akaufungua wote. Kimya. Akaurudisha kidogo. Tak. Basi akapiga magoti pale mlango unapoungana na bodi, akachomoa ule mpira uliokunjamana unaofunika nyaya, na unga wa njano ukammwagikia kiganjani.

Aliunusa. "Mnabeba salfa?"

"Kila mwaka. Ya kupulizia mikorosho."

"Kwenye bodi ya nyuma?"

"Kwenye viti," Majid alisema polepole. "Nje umande unaigandisha."

Stefania alivuta waya mmoja. Ganda lake la plastiki lilikuwa zima, lakini ulipokunjwa ulilegea kama uzi. Akalichana kwa wembe. Shaba ya ndani ilikuwa imekuwa nyeusi, imekatika, ncha mbili zinagusana na kuachana.

"Mlango umekunjwa miaka na miaka, waya ukachoka. Salfa na unyevunyevu vikamalizia. Kaka, siku ile ungebonyeza hata kwa vidole kumi. Umeme ulikuwa haufiki. Si mkono wako."

"Haya, umeshinda kesi!" Erasmo alisema, maana alikuwa akisikiliza muda wote. "Nenda kawafunge midomo hao wanong'onaji!"

Majid alisubiri moyo wake upungue uzito. Haukupungua.

"Ulianza kusumbua lini?" Stefania aliuliza, akitafuta waya mpya.

"Tangu Ramadhani."

"Miezi yote hiyo ulikuwa unafanyaje?"

"Naupiga kofi. Hapa, chini ya kioo. Unafunguka, naendelea na safari."

Stefania alishusha macho kwenye kazi yake. Aliunga waya, akaufunga vizuri, akafuta salfa yote kwa brashi kavu. Majid aliomba kile kipande kilichokatika, akakifunga kwenye karatasi.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na maneno mawili kinywani. La kwanza lilikuwa fupi na tamu: si mimi, ni waya. Lingetosha. Nani Mtama angejua habari za makofi?

Alimkuta Sauda uani, juu ya mkeka, akichambua mchele wa dua ya kesho. Majid aliketi chini kwenye mchanga, akafungua karatasi.

"Huu ndio uliokatika," alisema. "Salfa niliyoipakia mimi kwenye viti vya nyuma ndiyo iliyoula. Siku ile sikukufungia, Sauda. Lakini mlango ulianza kuumwa tangu Ramadhani, nami nilijua. Nilikuwa naupiga kofi ufunguke, nikaona yamekwisha. Nilikupandisha kwenye gari nililojua ni bovu. Niwie radhi."

Sauda aliokota ule waya, akauzungusha vidoleni.

"Yale makofi niliyasikia," alisema. "Nilikuwa nayahesabu. Nilijiambia, akifika ishirini utafunguka." Akaurudisha waya kwenye karatasi. "Mbona hukuniambia mapema kwamba ulijua?"

"Niliogopa."

Sauda aliinuka, akajitanda khanga, akatoka nje hadi kwenye gari. Majid akamfuata, akaketi kwenye kiti cha dereva. Sauda alifungua mlango wa nyuma kulia, akaufunga. "Bonyeza," alisema. Tak. "Tena." Tak. Kisha akaufungua na kuingia, akakaa palepale alipolazwa siku ile, akajifungia.

"Funga."

"Sauda, usi..."

"Nimesema funga."

Majid aliweka kidole juu ya swichi kama siku ile. Akabonyeza. Loki zikaanguka. Papo hapo akataka kufungua, lakini dada yake aliinua mkono kumzuia. Kwenye kioo kidogo cha juu, Majid alimwona ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha mlango, mabega yanatikisika. Alilia kilio ambacho hakukilia msibani, na Majid akalia naye, kila mtu kwenye kiti chake.

Baada ya muda mrefu Sauda alijifuta uso kwa pindo la khanga.

"Sijui kama nimekusamehe," alisema. "Lakini kesho baada ya dua nataka kwenda alikolazwa mwanangu. Sijawahi kupaona."

"Nitakupeleka."

"Ukiniwekea salfa humu ndani, nakwenda kwa miguu."

"Haitaingia tena."

Sauda akashika mkono wa mlango, akangoja.

"Basi nifungulie, kaka."

Majid akabonyeza. Tak.