Hamira Chini ya Tangi la Samaki

Daktari wetu ni hodari wa kung'oa meno, na Jumatatu ile alitaka kung'oa tangi langu la samaki.

"Mwisho wa mwezi," alisema huku akivua glavu, "fundi anakuja kufunga runinga pale ukutani. Lile dimbwi lako liondoke."

Dimbwi! Mgonjwa alikuwa bado mlangoni, nikamuaga kwa tabasamu la kulazimisha. Mimi ndiye mpokezi wa kliniki hii ya meno. Naandika majina, natafuta mafaili, nawatuliza watu wazima wanaotetemeka kama wana homa, na mfanya usafi asipokuja nafuta hata makochi. Kila ninachofanya hapa nimeagizwa na mtu, isipokuwa tangi. Tangi nililileta kwa hiari yangu miaka minne iliyopita, nikaliosha, nikapanda majani yake moja moja kwa koleo chakavu la Daktari. Nikatia samaki kumi na wawili, wembamba, wenye mstari mwekundu ubavuni. Watu walikuwa wanaingia wameshika mashavu, wanakaa mbele yake dakika tano, na mabega yao yanashuka. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na hakuna aliyenituma.

Sasa niseme ukweli, maana nisipousema mimi utasemwa na wengine: lilikuwa dimbwi kweli. Miezi michache kabla ya hapo niliona majani yamesinyaa, nikaamua kwamba dawa ni mwanga, nikafunga taa kali. Mimi nikipenda kitu nakipenda kwa pupa. Majani yakazidi kuwa manjano, na mwani wa kahawia ukatanda kwenye kioo na kwenye mawe, mpaka samaki wakawa wanaonekana kwa bahati tu. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama humo ndimo tunamosafishia meno ya bandia.

Jioni ile nikapitia kwa muuza samaki wa mapambo, bwana mmoja mpole ambaye duka lake lina unyevu hadi kwenye kalenda.

"Dada, umeyapa majani mwanga wa jukwaani halafu umeyanyima chakula," aliniambia. "Majani yanakula hewa ya ukaa. Yakiikosa, mwanga wote unafaidiwa na mwani."

Akanionyesha mtungi wa hiyo hewa. Ulikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, una saa mbili za kupimia mgandamizo na mabomba matatu, na nikajua Daktari akiuona karibu na wagonjwa wake nitamwaga unga siku hiyohiyo. Muuza samaki akaniona uso ulivyobadilika.

"Wengine wanaitengeneza nyumbani kwa sukari na hamira," akasema. "Ila si kazi ya kila mtu. Hamira ina kiburi."

Nikarudi nyumbani nimekata tamaa. Nyumbani naishi na baba yangu. Baba aliumua na kuoka mikate miaka thelathini na minane katika kiwanda kimoja kidogo, mpaka mwenye jengo alipoliuza na tanuri likavunjwa kwa nyundo Baba akiwa anaangalia. Akaja kwangu na begi la nguo na aproni yake, akalala kitandani, akageukia ukuta. Miezi minane. Chakula anakula ukimpelekea. Ukimuuliza habari anasema, "Nipo." Mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo, sasa saa sita mchana hajanawa uso. Nilijaribu kumbembeleza, nikajaribu kugomba, na kugomba ndiko ninakojua zaidi. Hakuna kilichosaidia.

Usiku ule wakati wa kula nilimsimulia habari za tangi ili tu nyumba isiwe kimya. Nilipofika kwenye hamira, kijiko chake kikasimama njiani.

"Hamira ipi?"

"Unasemaje, Baba?"

"Nauliza hamira ipi. Ya chenga au ya unga? Na huyo aliyesema ina kiburi ni nani?"

Nikamweleza nilichoelewa. Hamira inakula sukari, inatoa hewa, hewa inapita kwenye mpira hadi majini, majani yanaila.

"Miaka thelathini na minane nimeitengeneza hewa hiyo," Baba akasema, "na yote iliishia tanurini. Kumbe kuna wanaoililia!" Akasukuma sahani. "Kesho nakuja huko kwenu."

Asubuhi alikuwa amevaa viatu kabla yangu. Alikuja na aproni yake ndani ya mfuko, na kufika tu akaivaa, mbele ya wagonjwa, akapiga magoti chini ya meza ya tangi kama fundi wa bomba. Daktari alinitazama. Nikamwambia ni baba yangu, na kwamba mwisho wa mwezi bado. Akapandisha nyusi na kurudi kwenye meno ya watu.

Vifaa tuliviokota humohumo ndani. Chupa kubwa ya soda kwa ajili ya sukari na hamira. Mpira wa dripu ambao muda wake wa kutumika kwa wagonjwa ulishapita, pamoja na kile kichupa chake cha kuhesabia matone, ambacho sasa kingehesabu viputo. Chupa ndogo ya maji katikati ya safari, ili povu la hamira likipanda linaswe hapo lisiingie kwa samaki. Na ndani ya tangi tukabandika kikombe cha plastiki cha kusukutulia mdomo, kichwa chini, hewa ikusanyike humo na kuyeyuka taratibu. Baba alitoboa kifuniko kwa msumari wa moto, akapitisha mpira, akaziba kwa gundi. Kisha akachanganya mchanganyiko wake.

Hapa ndipo nilipopaswa kuuliza swali. Baba alitia vijiko vinne vya hamira, vijiko vya chakula, kwa maji ya vuguvugu, akaivisha chupa taulo na kuiweka karibu na mashine inayochemsha vifaa vya Daktari, penye joto. Alifanya yote hayo bila kupima, kwa mkono wa mazoea, na mimi nilikuwa nimekodoa macho kwa furaha ya kumwona tu. Kufikia kufunga kliniki viputo vilikuwa vinakimbizana kwenye kichupa hata havihesabiki.

"Umeona?" akasema. "Kiburi kiko wapi?"

Kesho yake saa mbili asubuhi nilifungua mlango nikakuta samaki wote kumi na wawili wako juu, midomo nje ya maji, wanahema. Hewa iliyopaswa kutosha wiki mbili ilikuwa imetoka yote ndani ya usiku mmoja, tena gizani, wakati majani hayali. Nilipiga yowe. Nikang'oa mpira, nikachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa safi, nikachota tena, nikamimina tena, nikabadilisha nusu ya maji, nguo chapachapa hadi magotini. Baada ya nusu saa mmoja wao akashuka chini, kisha wa pili, kisha wote. Hakufa hata mmoja.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na aproni mkononi.

"Ulitaka kuniulia samaki!" nilimwambia. "Huu si unga wa mandazi, Baba! Hivi ni viumbe!"

Aliikunja aproni, akairudisha kwenye mfuko, akaondoka. Jioni nikamkuta kitandani, amegeukia ukuta. Nilisimama mlangoni kwake nikijichukia. Mdomo wangu umenikosanisha na watu wengi, lakini siku ile ndiyo niliyotamani kuukata. Nilimwomba radhi mgongo wake.

Siku tatu zikapita hivyo. Ya nne, niliamshwa asubuhi na kelele za vyombo. Nikaingia jikoni nikakuta chupa tano zimepangwa mezani, kila moja ina karatasi iliyoandikwa kwa penseli, na Baba amekaa mbele yake na saa ya mkononi, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu viputo.

"Nilifanya kosa la mwokaji," alisema bila kugeuka. "Mkate una wateja. Saa kumi na mbili wako mlangoni, usipoumuka umeaibika. Kwa hiyo maisha yangu yote nimeiharakisha hamira. Joto, nyingi, haraka! Lakini majani hayana foleni, mama. Hayaendi kazini. Yanataka kidogo kidogo, kila siku."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo robo kijiko cha chai. Maji ya baridi, sukari vikombe viwili, magadi ya kuokea kidogo ili isichoke mapema. Chupa ikae sakafuni penye ubaridi. Na wewe ukifunga mlango jioni, toa mpira majini. Asubuhi rudisha." Akagonga chupa ya tatu kwa kidole. "Hii ina siku ya pili. Kiputo kimoja kwa sekunde moja. Haijayumba."

"Baba, yale niliyokwambia juzi..."

"Ulisema kweli. Ila mandazi yangu usiyatukane tena."

Chupa ile ya tatu tuliifunga kwenye tangi siku hiyohiyo. Kwa wiki moja hakukuwa na la kuonyesha, na tarehe zilikuwa zinakimbia. Baba alikuja kila asubuhi, akahesabu, akaandika, akapunguza ile taa yangu kali kwa kuifunika nusu, akakwangua mwani kwa mswaki. Siku ya nane alinivuta mkono. Katikati ya yale majani manjano palikuwa na jani jipya, dogo kama ukucha, la kijani kibichi. Kufikia mwisho wa mwezi yalikuwa hayahesabiki. Maji yakawa safi hata ukasahau kama yapo.

Jumamosi ya mwisho fundi wa runinga akaja na ngazi na mashine ya kutobolea ukuta. Nilikuwa nimepanga hotuba kali ya kumpa Daktari, ya kufa kupona. Nilipomwona fundi anapima ukuta, hotuba yote ikayeyuka, nikabaki nimeshika kalamu.

Wa tatu kwenye orodha siku hiyo alikuwa Jeki, fundi wa magari mwenye mwili wa kuziba mlango, ambaye gego lake lilikuwa linamtesa tangu mwaka jana. Mara tatu amekuja, na mara tatu aliposikia mashine ya Daktari amekula kona. Nilimwona anakaa, nikamwona anaangalia mlango wa kutokea. Kisha akamwona Baba, amepiga magoti chini ya meza na aproni yake nyeupe.

"Mzee, unatengeneza nini hapo?"

"Njoo uone. Hesabu hivi."

Lile jitu likachuchumaa. Nikawasikia wote wawili, "Ishirini na saba, ishirini na nane," kwa sauti ya chini. Baba akamwonyesha kikombe kilichopinduliwa, akamwonyesha majani. Ilikuwa inakaribia saa nne na taa ilikuwa imewaka muda wa kutosha, na hapo yakaanza. Kwenye kila jani vilitokea vitone vya hewa, vidogo kama chumvi, vikakua, vikabanduka, vikapanda juu kwa mistari. Tangi zima likawa linachemka bila moto. Baba mwenyewe hakuwahi kuyaona. Alishika ukingo wa meza.

"Yanapumua," akasema. "Mama, njoo! Yameshiba, yanapumua!"

Niliruka kaunta. Sijui niliirukaje, nina miaka arobaini na mitatu na goti bovu. Fundi wa runinga naye akashuka kwenye ngazi, mashine mkononi, akaja kutazama. Wagonjwa wote wakasimama. Daktari akaita, "Anayefuata!" mara moja, mara mbili, mara ya tatu akatoka mwenyewe amefura, barakoa ikiwa kidevuni.

"Kuna nini hapa? Jeki yuko wapi? Amekimbia tena?"

"Niko hapa, Daktari," Jeki akasema akiwa bado amechuchumaa. "Nipe dakika moja, nimefika mia na kumi."

Daktari akasogea. Nilimtazama usoni muda wote, sikutaka kupoteza hata kidogo. Alitazama majani, akatazama samaki waliokuwa wanapita katikati ya vile vitone na mistari yao myekundu, akainama, akainama zaidi, mpaka pua ikagusa kioo. Mabega yake yakashuka. Alikaa hivyo muda mrefu, na Jeki akafika mia moja themanini, akasimama mwenyewe, akajipeleka kwenye kiti cha kung'olea bila kushikwa na mtu.

"Fundi," Daktari akasema bila kuinuka, "hiyo runinga kaifunge chumba cha chai."

Sikusema neno. Kwa mtu kama mimi huo ni muujiza. Nilimwangalia Daktari anavyojinyoosha na kumgeukia Baba.

"Mzee, mchanganyiko huu unadumu muda gani?"

"Wiki mbili. Baada ya hapo unabadilishwa, na si kila mtu anaweza. Hamira inataka kueleweka."

"Basi nakuomba uwe unakuja, kila Jumamosi ya pili. Utaweza?"

Baba yangu, ambaye kwa miezi minane ratiba yake ilikuwa kitanda na ukuta, alijifuta mikono kwenye aproni polepole, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Ngoja niangalie," akasema, "kama nina nafasi."

Nilicheka mpaka nikaegemea kabati la mafaili, na machozi yakanitoka mbele ya wagonjwa wote, wala sikuyafuta.