Upande wa Mama kwenye Zulia

Zulia hili ni kubwa kuliko sebule ya mtu yeyote ninayemjua. Limeagizwa kwa ajili ya ukumbi, lifanane na la kale lililo kwenye picha iliyobandikwa mbele yetu: sufu tupu, mizabibu inayozunguka mitungi, na pembezoni simba wadogo ambao mimi nawaona kama paka walionyimwa chakula. Tunalifuma watu wawili kwenye benchi moja, mimi kushoto, mama kulia. Nimechoka, na sioni haya kusema.

Nimechoka kwa sababu nafuma upande wangu na wa mama pia. Macho yake yameingia ukungu. Nyekundu anaijua, nyeupe anaijua, lakini kijani na buluu hazitofautishi tena. Anafunga fundo zuri, limekaza, kama alivyonifundisha mwenyewe, na jani la mzabibu linatoka buluu. Mchana, anapokwenda kujilaza stoo juu ya marobota ya sufu, mimi nabaki. Nafumua mafundo yake yenye makosa kwa sindano, nafunga upya, na chakula changu nakila nimesimama. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Anayepita ni msimamizi wetu, tunayemwita Rula kwa kuwa hajawahi kuonekana bila rula mkononi. Si mtu mbaya. Alishaniambia waziwazi: "Dada, mama yako namheshimu sana. Ila nikikuta kosa upande wake, itabidi apumzike." Kupumzika maana yake ni kushinda peke yake kwenye chumba chetu, akisikiliza majirani wakifunga milango kwenda kazini. Tangu baba afariki, mama hawezi kukaa na chumba kitupu. Kaka yangu naye anasema kwenye simu kwamba apumzike tu, umri umekwenda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Leo usingizi ulinishinda. Nilizinduka paji la uso likiwa kwenye nyuzi za mtande, zile zilizotandwa wima mbele yetu, sindano mkononi, jani limefumuliwa nusu. Mama alikuwa ameshakaa mahali pake, vidole vyake vikipita juu ya sufu taratibu.

"Hili hujamaliza," alisema.

"Lipi, mama?"

"Jani. La jana ulilimaliza. Na huu mtungi wote ni wako." Hakuwa na hasira. "Wewe unatumia mkono wa kushoto, mwanangu. Mafundo yako yanalalia huku, yangu yanalalia kule. Macho ndiyo yamekwisha, vidole bado."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu simba wa kwanza."

Simba wa kwanza yuko chini kabisa, tulishamviringisha zamani kwenye gogo la kukunjia zulia. Hapo ndipo nilipokasirika. Niliufikiria mgongo wangu na milo yote ile ya kusimama.

"Ukaniacha nihangaike hivi? Si ungesema tu, mama?"

"Ningesema," alijibu, "halafu ningekwenda kukaa wapi?"

Hasira ilinitoka yote, nikabaki na uchovu peke yake. Tukasikia viatu vya Rula vikija. Mama akaweka mikono mapajani.

"Mwambie," alisema. "Umechoka. Hilo naliona."

Rula akafika. "Shikamoo, mama. Mbona kazi imesimama?" Akaliona jani lililoachama, akalipima kwa rula, utadhani kipimo kingelisaidia.

"Kosa langu," nilisema. "Nilikuwa namsaidia mama, nikasinzia, nikachanganya rangi."

Alinitazama sana, kisha akamtazama mama. "Dada, anayehitaji kupumzika hapa ni wewe," alisema, akaenda zake.

Nilichukua uzi, nikauweka kwenye kiganja cha mama. "Kijani," nilimwambia.

Alifunga fundo, akaukata uzi. "Na hapa?"

"Kijani tena. Halafu buluu."

Kumbe ilikuwa kazi ya neno moja. Tulikuwa tumefichana kwa miezi, wajinga wawili bega kwa bega. Alinyoosha kiganja tena, akisubiri. Machozi yalinijia, nikayafuta upesi, maana kwenye benchi hili macho yanayofanya kazi ni haya tu.